Wikiendi ya wawili Atlantic City: barabara, chumba na meza ya kamari

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Wasomaji walioko Marekani, hasa Maryland, Delaware na Pennsylvania, wanataka kwenda Atlantic City na wenzi wao, kwa gari, siku mbili au tatu. Mji huo uko pwani ya New Jersey, juu ya kisiwa cha Absecon. Una kasino 9: sita ziko ufukweni kando ya Boardwalk, ile njia ndefu ya mbao, na tatu (Borgata, Harrah's na Golden Nugget) ziko upande wa marina, yaani gati la boti. Wananchi wa New Jersey waliruhusu kasino kwa kura mwaka 1976, na ya kwanza, Resorts, ikafungua milango Mei 1978. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Shikamooni. Mimi na mume wangu tunaishi Silver Spring, Maryland. Agosti tunatimiza miaka 10 ya ndoa, na tumepanga kulala Atlantic City usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Hatujawahi kufika. Kila tukiiuliza simu inatupa njia tofauti. Tupite wapi, tozo ziko wapi, na tuondoke saa ngapi?
*Mama wa wawili, Silver Spring*

JIBU: Marahaba, na hongereni. Kutoka kwenu hadi Boardwalk ni kama maili 180, yaani kilomita 290. Barabara ikiwa nyeupe ni saa tatu na robo. Ijumaa ya Agosti, ukitoka baada ya saa nane mchana, hesabu saa tano na usimlaumu mtu. Ondokeni saa nne asubuhi. Mtafika kabla ya chumba kuwa tayari, maana hoteli nyingi hukabidhi ufunguo saa kumi jioni, lakini mtaegesha gari, mtawaachia wahudumu mizigo, na mtashuka ufukweni.

Nusu ya kwanza haina mjadala. Ni I-95 kuelekea kaskazini, handaki la Fort McHenry pale Baltimore, kuvuka mto Susquehanna, kuingia Delaware, kisha I-295 hadi daraja la Delaware Memorial. Daraja la Francis Scott Key lilianguka Machi 2024, kwa hiyo kama ramani ya gari lenu ni ya zamani na inawapeleka huko, msiifuate. Na kama mlifikiria kubeba mtungi wa gesi wa kuchomea nyama, uacheni nyumbani. Mahandaki ya Baltimore yana masharti makali kuhusu gesi.

Wakati wa kwenda mtalipa handakini, mtalipa Susquehanna (pale hutozwa wanaokwenda kaskazini tu), na mtalipa Newark ya Delaware. Daraja la Delaware Memorial halitozi wanaoingia New Jersey. Wanaotoka ndio wanaolipa. Upande wa Maryland hakuna tena mtu wa kupokea noti: kamera inapiga picha namba ya gari, bili inakuja kwa posta, na ni kubwa kuliko ya mwenye E-ZPass, kifaa cha kulipia tozo bila kusimama. Kifaa kimoja cha E-ZPass kinatumika majimbo yote matatu. Kibandikeni kwenye kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kosa la kila siku ni kukitupa kwenye droo ya gari. Huko hakisomwi, na mwezi ujao mnaletewa bili ya picha wakati kifaa mnacho.

Mkishavuka daraja ndipo simu inapoanza kuyumba. Njia moja ni US 40, inayoanzia pale pale mguuni mwa daraja na kukata mashamba kupitia Woodstown, Elmer na Mays Landing. Ni maili 60 na kidogo, haina tozo, lakini sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi. Kila mkiingia mji mdogo, kibao cha mwendo kinashuka ghafla hadi maili 35 au hata 25 kwa saa. Anayeendelea na 50 kwa sababu barabara ni tupu hukutana na polisi. Njia ya pili ni kupanda I-295, kushika barabara namba 42, kisha Atlantic City Expressway, ambayo ina maili 44. Ni ndefu zaidi na ina tozo, ila ni pana na ina mahali pa kupumzika pale Hammonton.

Ushauri wetu: mchana wa kwenda, piteni US 40. Kibanda cha mahindi na nyanya kando ya njia kitawapa sababu ya kusimama. Usiku, au mvua ikinyesha, chukueni Expressway. US 40 haina taa sehemu nyingi, na paa wa huko hawasubiri zamu yao kuvuka.

Mambo matatu ya New Jersey huwakwaza wageni. La kwanza, barabara nyingi kubwa haziruhusu dereva kukata kushoto kwenye taa. Unatoka kulia kwanza, unazunguka kipande chenye umbo la mpini wa jagi, kisha unaivuka ile barabara uliyokuwa ukiifuata. Ukiona kibao kinasema wageuzao wote watumie upande wa kulia, kitii. La pili, kujijazia mafuta ni marufuku kisheria. Kaeni garini, shusheni kioo, mhudumu atawajazia kama ilivyo kule nyumbani. La tatu, waipa zikifanya kazi, taa za mbele ziwashwe.

SWALI: Mimi na mke wangu tunatoka Dar es Salaam kumtembelea dada yangu Philadelphia. Tutakodi gari kwenda Atlantic City siku mbili. Leseni ya Tanzania inatosha? Na huku kuendesha upande wa kulia kunatutia hofu.
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Beba leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, na kibali hicho ukichukue kabla hujapanda ndege. Ofisi za Marekani hutoa kibali hicho kwa wenye leseni ya Marekani tu, kwa hiyo ukikisahau hakuna pa kukipata. Kampuni ya kukodisha itadai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kama mke wako naye atashika usukani, jina lake liandikwe kwenye mkataba, la sivyo bima haimtambui. Ulizeni habari ya tozo pale pale kaunta: kampuni nyingi hutoza ada ya huduma ya kila siku juu ya tozo yenyewe, hata kama mmepita daraja moja tu.

Kuhusu upande wa kulia, mtego wa kwanza uko mkononi. Magari mengi ya Dar yametoka Japani na kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani. Kwenye gari la Marekani kimewekwa kushoto. Siku nzima ya kwanza utataka kukata kona na utawasha waipa. Haina madhara, ila wa nyuma yako hajui unakokwenda. Zunguka dakika 20 kwenye eneo la maegesho mpaka mkono ujifunze.

Mtego mkubwa ni kutoka kituo cha mafuta usiku, barabara ikiwa haina gari. Penye magari unafuata wenzako. Penye utupu mazoea ya miaka yanakurudisha kushoto. Kanuni ya kushika ni hii: dereva ndiye anayekaa karibu na mstari wa katikati. Mwenzako akikaa karibu na mstari huo, mko upande usio wenu. Basi la shule la rangi ya njano likisimama na kuwasha taa nyekundu, kwenye barabara isiyogawanywa katikati magari ya pande zote mbili husimama. Taa nyekundu ya njia panda hukuruhusu kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pakiwa na kibao cha kukataza.

Toka Philadelphia ni maili 60 tu. Mkichoka na habari za usukani, treni ya NJ Transit kutoka stesheni ya 30th Street inafika kwa kama saa moja na nusu. Na bebeni pasipoti halisi, si nakala. Kucheza na kunywa pombe kote huko ni kuanzia miaka 21, na mlinzi hakisii umri kwa kuangalia mvi.

SWALI: Nilipewa chumba cha bure usiku mmoja kwa sababu nina kadi ya uanachama ya kasino. Wakati wa kuondoka bili ilikuwa na ada, kodi na maegesho, na benki ikaniambia kuna dola nyingine zimezuiwa. Bure gani hii?
*Mzee wa Wilmington*

JIBU: Mzee wetu, tenganisha mambo matatu.

Kwanza, kilicho bure mara nyingi ni bei ya chumba peke yake. Ada ya hoteli, ile iliyoandikwa *resort fee*, inaweza kubaki, na maegesho nayo. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inazitaka hoteli kuonyesha bei ikiwa na ada zote za lazima tangu mwanzo wa tangazo, lakini kodi za serikali zinaweza kuongezwa mwishoni. Kwa hiyo unapolinganisha hoteli mbili, fika ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, ndipo ulinganishe. Tofauti ya Jumatano na Jumamosi kwenye chumba kile kile ni kubwa mno. Wenye ruhusa kazini waende Jumapili hadi Alhamisi.

Pili, zile dola zilizozuiwa si malipo, ni dhamana. Hoteli huomba benki itenge kiasi fulani kwa kila usiku, hata kwa chumba cha bure, kikiwa kinga ya utakachokula au kuvunja. Ukitoa kadi ya mkopo, kinachopungua ni nafasi ya kukopa tu. Ukitoa kadi ya debit, inayoshikwa ni fedha yako ya kodi ya nyumba, na huachiliwa siku kadhaa baada ya kuondoka. Hapo ndipo wengi wanapokwama njiani na tanki tupu. Toa kadi ya mkopo mapokezi, kisha malizia bili kwa unavyotaka.

Tatu, kwa nini walikupa chumba? Hawakuangalia ulipoteza kiasi gani. Waliangalia kiasi ambacho, kwa hesabu yao, mtu anayecheza kama wewe *angetarajiwa* kupoteza: dau la wastani, mara mizunguko ya saa moja, mara saa ulizokaa, mara asilimia ya nyumba, yaani sehemu ya kila dau ambayo kasino hubaki nayo kwa wastani. Sehemu ya jumla hiyo ndiyo hukurudia kama chumba, chakula au salio la kuchezea. Chumba kile ulikilipia safari iliyopita. Kadi yenyewe ichukue, haina gharama. Kosa ni kukaa saa mbili zaidi mezani ili upate bafe ya dola 40.

SWALI: Tumetenga dola 200 za kuchezea, mimi na mchumba wangu, kwa siku mbili. Mchezo gani hauli fedha haraka? Hatutaki utajiri, tunataka usiku uwe mrefu.
*Wawili wa Baltimore*

JIBU: Swali hili tumelipenda kwa sababu limeulizwa vizuri. Michezo yote ya pale inakula. Tofauti ni mwendo wa kula. Hesabu ni ile tuliyomwambia mzee wa Wilmington.

Sloti. Mashine inasema ni ya senti moja, lakini kitufe cha chini kabisa mara nyingi ni senti 40 au zaidi, kwa sababu unalipia mistari mingi kwa mpigo. Tuseme mnacheza senti 80, mizunguko 600 kwa saa, ambayo si mingi kwa mtu anayebonyeza bila kupumzika. Hizo ni dola 480 zimepita mkononi kwa saa. Mashine ikibakiza asilimia 10, imekula 48. Sheria ya New Jersey inaitaka mashine irudishe angalau asilimia 83 kwa muda mrefu, maana yake inaruhusiwa kubakiza hadi 17, ambazo hapa ni kama dola 82. Dawa ya sloti ni kubonyeza polepole. Ukipunguza mizunguko nusu, hasara ya saa nayo imekatika nusu.

Ruleti. Gurudumu la huko lina sifuri na sifuri mbili, na nyumba ina asilimia 5.26. Dola 15 kwa mizunguko 40 ni dola 600, hasara ya wastani kama 32. Lakini Atlantic City ina kanuni yake njema: ukiweka kwenye nyekundu au nyeusi, shufwa au witiri, namba ndogo au kubwa, na mpira ukatua sifuri, unapoteza nusu tu ya dau. Asilimia inashuka hadi 2.63, hasara inakuwa kama 16. Ndiyo maana wazoefu hawagusi namba moja moja. Mkiona gurudumu lenye sifuri tatu, piteni. Hilo lina asilimia 7.69.

Karata za ishirini na moja, yaani blackjack. Hapa kuna maandishi madogo yenye fedha kubwa. Kabla ya kukaa, someni kitambaa cha meza au kibao cha pembeni: kimeandikwa 3 kwa 2, au 6 kwa 5? Ni malipo ya mtu anayepata A na karata ya kumi tangu mwanzo. Kwa dau la dola 15, meza ya kwanza inalipa 22.50 na ya pili inalipa 18. Hutokea kama mara moja katika mikono 21. Kwa mikono 70 kwa saa, ni zaidi ya mara tatu, na kila mara mmepoteza 4.50. Kwenye meza ya 3 kwa 2, mtu anayefuata jedwali la msingi hupoteza wastani wa dola 5 kwa saa. Kwenye 6 kwa 5, kama 20. Viti vile vile, mgawaji yule yule. Jedwali la msingi ni kadi ndogo inayosema lini uchukue karata na lini usimame. Huuzwa kwenye maduka ya zawadi, na unaruhusiwa kuiweka mezani na kuisoma. Mgawaji akionyesha A, kataeni "bima", yaani dau la ziada kwamba yeye ana blackjack, na kataeni vidau vya pembeni vyenye picha za kuvutia.

Dadu zina dau la msingi lenye asilimia 1.41 tu, ila meza ina makelele na lugha yake. Simameni pembeni nusu saa kabla ya kujaribu.

Sasa tatizo la dola 200. Watu hugawa bahasha nne, dola 50 kwa kila mtu kwa usiku, halafu wanakaa meza ya dola 15. Hamsini ni madau matatu. Mkono mbaya mara tatu, dakika tano, usiku umekwisha saa mbili na nusu. Mezani kaa na fedha ya madau 20 angalau. Kwa 50 tafuteni ruleti au karata za kwenye skrini, ambako dau linaweza kuwa dola 5 au chini. Au chezeni usiku mmoja tu, mkae wawili upande mmoja kwa zamu, mmoja akicheza na mwenzake akisoma jedwali. Wanandoa tunawashauri hivyo hata wenye fedha nyingi. Wawili wakicheza kwa pamoja kasino inawahesabu wawili.

Adabu ya meza. Noti usimkabidhi mgawaji mkononi. Iweke juu ya kitambaa, aitandaze, kamera ya juu iione, ndipo akupe chipsi. (Za plastiki, ndugu zetu, si za mayai.) Nyekundu ni dola 5, kijani 25, nyeusi 100. Kijani huponyoka kuliko zote, kwa sababu mkononi ni nyepesi kama nyekundu. Ukitaka karata gonga meza kwa kidole, ukitosheka pepea kiganja. Usiseme tu kwa mdomo, kamera haisikii. Karata zikiwa zimefunuliwa mezani, usiziguse. Kinywaji huletwa bure kwa anayecheza, na mhudumu hupewa dola moja au mbili. Kumbuka kwamba kinywaji cha tatu huongeza dau bila kukuuliza.

SWALI: Mke wangu alishinda dola 1,900 kwenye mashine mwaka 2025, mashine ikajifunga, wakaja na karatasi ya kodi. Rafiki anasema mwaka huu isingejifunga. Na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Mombasa kwa viza ya matembezi, akishinda inakuwaje?
*Msomaji, Newark, Delaware*

JIBU: Rafiki yuko sahihi. Kwa miaka mingi ushindi wa sloti wa dola 1,200 ndio ulioandikiwa fomu ya kodi ya W-2G, ile karatasi mliyoletewa. Kuanzia 2026 kiwango kimepanda hadi 2,000. Lakini ushindi mdogo kuliko huo bado ni kipato mbele ya sheria, fomu iwepo isiwepo. Hasara mnaweza kuitumia kupunguza ushindi ikiwa tu mnaorodhesha makato moja moja, na tangu 2026 ni asilimia 90 ya hasara inayokubaliwa. Mali bila daftari huisha bila habari: andikeni tarehe, kasino, mchezo, mlichoingia nacho na mlichotoka nacho.

Mama ni habari nyingine. Mgeni asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya ushindi wa sloti pale pale, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, wala na Tanzania au Uganda, wa kumwokoa. Ushindi wake wa blackjack, ruleti, dadu au bakara haukatwi. Na msifanye ule ujanja wa binti kukaa kwenye kiti cha mama mashine ikijifunga. Kamera zinaonyesha nani alibonyeza, na aliyebonyeza ndiye mshindi.

SWALI: Sisi hatuchezi kamari, dini yetu hairuhusu. Tunataka bahari tu, na bei za kasino siku za wiki ni nafuu. Tutaweza kukaa pale bila kuingia kwenye mambo hayo? Na chakula cha halali?
*Wanandoa, Philadelphia*

JIBU: Hakuna atakayewalazimisha, lakini jengo limejengwa kuwapitisha. Kwenye hoteli nyingi, kutoka kwenye lifti hadi mgahawani au Boardwalk mnakatiza ukumbi wa mashine au kuuzunguka. Sheria ya New Jersey bado inaruhusu kuvuta sigara kwenye hadi robo ya eneo la kasino, na moshi hausomi mipaka. Mwenye pumu asikae. Kama hayo yanawasumbua, zipo hoteli zisizo na kasino hatua chache kutoka Boardwalk.

Chakula ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mji una jumuiya kubwa ya Wabangladeshi, na maduka na migahawa ya halali iko barabara za ndani, mitaa michache kutoka baharini, kwa bei ya watu wa kawaida.

Ufukwe wa Atlantic City ni bure. Miji jirani ya kisiwa hicho hicho, Ventnor na Margate, hudai beji ya kulipia majira ya joto, hivyo msitembee mchangani mpaka mkavuka mpaka bila kujua. Maji msiyafananishe na ya Nyali au Kigamboni. Mei yana kama nyuzi 14, na hata Agosti hufika 22 au 23 tu. Ogeleeni mbele ya walinzi wa ufukwe. Mkondo ukikuvuta kwenda kilindini, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie, kisha rudi. Boardwalk ni ya mwaka 1870. Viatu vya visigino vyembamba vitazama kati ya mbao, kwa hiyo bibi avae vya bapa. Pandeni ngazi 228 za mnara wa taa wa Absecon, wa mwaka 1857, na nendeni Margate mkamwone Lucy, jengo la umbo la tembo lililosimama tangu 1881. New Jersey haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo za kawaida, na maduka ya punguzo yako katikati ya mji. Mzigo wa kurudi mtauona wenyewe.

SWALI: Ni kweli barabara ya kuingia mjini hufurika hata bila mvua?
*Dereva, Vineland*

JIBU: Kweli. US 40 na 322, yaani Black Horse Pike, hukatiza vinamasi kabla ya mji. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na upepo ukivuma kutoka mashariki, maji kujaa hupanda barabarani. Angalia jedwali la maji kujaa kabla ya kuondoka. Ukikuta yamefunika mstari, geuza ukachukue Expressway, au subiri saa mbili tatu yapwe. Yale ni maji ya chumvi. Hata yasipozima injini, yanakula breki na bodi polepole. Ukishapita, osha gari kwa chini siku hiyo hiyo.

SWALI: Mume wangu ni mtu mwema, lakini akianza kupoteza hainuki. Anasema hawezi kuondoka akiwa chini. Safari ni ya mwezi ujao na hoteli imeshalipwa. Nifanye nini?
*Dada, Maryland*

JIBU: Dada, mwambie kabla ya safari, si mezani. Mezani kila neno lako litasikika kama mkosi. "Siondoki nikiwa chini" ni kauli ambayo mahesabu ya juu yanaijibu: kila saa anayoongeza inaongeza hasara ya wastani, haiirudishi.

Kisha funga milango ya fedha. Kadi zake za benki zibaki nyumbani, na kadi moja ya mkopo kwa ajili ya hoteli ibaki kwako. Mashine za fedha ndani ya kasino hutoza ada kubwa, na fedha taslimu inayotolewa kwa kadi ya mkopo huanza kuhesabiwa riba siku hiyo hiyo. Fedha ya kuchezea itoke benki ya kwenu, taslimu, mkiwa mmeihesabu wote wawili.

Kama mambo yameshapita hapo, amekopa, amekuficha, au fedha ya watoto imeguswa, ahirisheni safari na mpoteze fedha mliyoilipa hoteli. New Jersey ina orodha ya kujizuia, ya mwaka mmoja au mitano, inayosimamiwa na Division of Gaming Enforcement, idara ya jimbo inayosimamia kamari. Anayejiandikisha haruhusiwi kucheza, na akicheza kwa siri hawezi kuchukua anachoshinda. Wewe huwezi kumwandikisha. Ni lazima ajiandikishe mwenyewe. Unachoweza ni kupiga simu ya msaada ya 1-800-GAMBLER, mchana au usiku, hata kama mchezaji si wewe.

Na mkienda, bahasha ya kurudi iandike wewe na ukae nayo: mafuta ya maili 180, chakula cha njiani, handaki la Baltimore, Newark, na lile daraja la Delaware Memorial ambalo halikuwadai kitu mlipokuwa mnaingia.